Kupanda Mbegu Shambani au Kuhamisha Miche? Somo kwa Wenye Bustani za Nyumbani

Somo la Biblia: Isaya 28:23–29



Masika yanaelekea ukingoni, na siku za kuombea mazao zi karibu, yaani zile siku tatu zitanguliazo Sikukuu ya Kupaa Bwana, ambazo Kanisa letu limeziweka tangu zamani ili tumwombe Mungu abariki kazi za mashamba. Kwetu huku chini ya milima ya Usambara huu ndio wakati ambapo kila nyumba iliyo karibu na kisima au mto huanza kufikiri habari za bustani ya kiangazi. Na kila mwaka, tukiisha kutoka ibadani na kusimama chini ya mwembe, swali huwa ni lile lile: je, ni afadhali kununua pakiti ya mbegu, au kununua miche iliyokwisha kuota?

Wengine husema mbegu, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Wengine husema miche, kwa kuwa humwokolea mtu mwezi mzima wa kungoja. Sisi wa kamati ya shamba la mtaa tumeona vema tulijibu swali hili kwa maandishi, kwa sababu mwaka jana tulilijibu vibaya kwa vitendo, na hasara yake wengi wenu mnaijua.

1. Yaliyotupata mwaka jana

Akina mama wa kikundi chetu walikuwa wameweka akiba kidogo kidogo tangu Pasaka. Shabaha yao ilikuwa kulima nyanya nyuma ya kanisa, kuziuza mwezi wa Agosti na Septemba wakati bei ni nzuri, na kwa fedha hizo kuwanunulia sare na madaftari watoto kumi na mmoja wanaolelewa na bibi zao hapa mtaani. Tulikuwa tumechelewa. Badala ya kusia mbegu zetu na kungoja, tulinunua miche 200 kwa muuzaji mmoja aliyepita na toroli. Ilikuwa mirefu na ya kijani, nasi tulifurahi tukaona tumepata mwezi mmoja wa bure.

Kwa majuma matano mambo yalikwenda vizuri. Kisha siku moja adhuhuri tukaona michache imelegea kana kwamba imekosa maji, na jioni ikainuka tena. Tukaongeza maji. Siku ya tatu haikuinuka, na mingine ikaanza kulegea. Majani yalikuwa bado ya kijani, hayana doa. Bwana shamba alipofika alikata kipande cha shina karibu na ardhi, akakining'iniza katika glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache tuliona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka katika shina. Akatuambia kuwa huo ni mnyauko bakteria, na kwamba hauna dawa.

Hatusemi kwamba muuzaji yule alitudanganya, yamkini hakujua. Wala hatuna hakika kamili kwamba ugonjwa haukuwamo ardhini mwetu tangu mwanzo. Lakini jambo moja twalijua: hatukuikagua miche ile, hatukuuliza ilikotoka, wala hatukung'oa hata mmoja tutazame mizizi yake kabla ya kulipa. Fedha za sare zilikwenda, na ardhi ile sasa haifai kupandwa nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Mwaka huu tumepanda mahindi pale, na kila atumiaye jembe katika kipande kile hulisafisha vizuri kabla ya kulipeleka kwingine, maana ugonjwa huo husafiri kwa udongo na kwa maji.

2. Nabii anamtazama mkulima

Katika sura ya 28 ya kitabu chake, Isaya anawaita watu wamsikilize, kisha anawaonyesha mkulima kazini. Mkulima huyo halimi daima bila kupanda. Akiisha kusawazisha udongo, kila mbegu anaipa namna yake: ile ndogo kama jira huitupa kwa mkono, ngano huiweka kwa safu, na shayiri huipa mahali pake maalumu. Hata wakati wa kupura, hazipuri zote kwa chombo kimoja, kwa maana kitu kinachofaa kwa nafaka ngumu kingeliiharibu jira. Na nabii anasema kwamba ujuzi huu mkulima hakuubuni mwenyewe, bali ametoka kuufunzwa na Mungu.

Basi, ndugu zetu, hapo ndipo penye jibu la swali letu. Tulipouliza, “Mbegu au miche?” tuliuliza kana kwamba mimea yote ni mmoja. Mkulima wa Isaya angetuuliza sisi kwanza: “Unataka kupanda nini?”

3. Mboga zisizopenda kuhamishwa

Kanuni ya kwanza ni hii: tazama mzizi. Mmea wowote ambao mzizi wake ndio chakula chenyewe, upande pale utakapokaa hadi kuvunwa. Karoti ndiyo mfano mkubwa. Mwaka juzi kijana wetu mmoja mwenye bidii alisia karoti katika kitalu, akazihamisha moja moja kwa uangalifu mwingi. Zilishika vizuri, na majani yakapendeza. Siku ya kuvuna tulitoa karoti zenye miguu miwili na mitatu, nyingine zimejikunja kama mkono uliovunjika. Ncha ya mzizi ikikatika au ikipinda, karoti haijui tena kwenda chini.

Karoti hupandwa katika tuta lililolimwa kwa kina na kuondolewa mawe, bila samadi mbichi, maana hiyo nayo huifanya karoti kugawanyika. Chora mifereji yenye kina cha sentimeta moja, iachane kwa sentimeta 20 hadi 30. Mbegu ni ndogo sana, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane. Funika kwa udongo mwepesi, tandaza nyasi, na mwagilia kila siku. Huota baada ya majuma mawili hivi, na wakati mwingine matatu. Wengi hukata tamaa siku ya kumi wakalima tena! Zikianza kuchomoza, ondoa nyasi mara moja. Baadaye punguza, ili kutoka karoti moja hadi nyingine pawe na sentimeta tano.

Wa pili katika kundi hili ni jamii ya kunde na maharage. Mbegu zao ni kubwa, zina akiba ya chakula ndani yake, na huota kwa juma moja tu. Kuzilea kitaluni ni kazi ya bure, na kuzihamisha ni kuzirudisha nyuma. Kadhalika bamia: mzizi wake mkuu huenda chini moja kwa moja, wala haupendi kuguswa. Loweka mbegu za bamia usiku kucha kabla ya kupanda, kwa kuwa ganda lake ni gumu.

Maboga, matango na matikiti nayo yapandwe shimoni pale pale, mbegu mbili au tatu kila shimo, kisha abakishwe mmoja aliye na nguvu. Mtu akilazimika kuyaanzisha mapema, basi kila mbegu iwe na chombo chake, kama kikombe cha jani la mgomba au kopo lililotobolewa chini, ili mche uingie shimoni pamoja na udongo wake wote bila mzizi kutikiswa.

Mchicha unakubali njia zote mbili. Ukitaka kung'oa ungali mdogo, mwaga mbegu tutani. Ukitaka kuchuma matawi kwa muda mrefu, sia kitaluni na kuhamisha kwa nafasi. Katika kumwaga mbegu ndogo, jihadharini na sisimizi, ambao huzibeba usiku kwa mamia. Na kuku wa jirani hawahitaji kutajwa.

4. Mboga zinazofaa kulelewa kitaluni

Nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili hoho, mnavu, kabichi, sukuma wiki na vitunguu ni watoto wa kitalu. Mbegu zao ni ndogo, utoto wao ni wa polepole, na zikimwagwa katika shamba zima magugu huzishinda kabla hazijapata nguvu.

Mtu atasema, “Mbona nyanya ya jalalani hujiotea yenyewe, nayo huzaa kuliko ile ya bustanini?” Ni kweli, nasi tumeiona. Nyanya ile haikuhamishwa, mzizi wake umeshuka chini bila kukatwa, tena imekaa juu ya mboji. Lakini kumbukeni ni mbegu ngapi zilitupwa jalalani pale pamoja na maganda. Zilikuwa mia nyingi, tukaiona moja. Mungu ana mbegu nyingi za kumwaga; sisi tuna pakiti moja tuliyoinunua.

Sababu kubwa zaidi ni maji. Natufanye hesabu. Miche 60 ya nyanya shambani, kwa nafasi ya sentimeta 60 kwa 50, inahitaji eneo la mita za mraba 18. Miche hiyo hiyo kitaluni, kwa mistari inayoachana sentimeta 15, na sentimeta tano kutoka mche hadi mche, inatosha katika nusu ya mita moja ya mraba. Kwa hiyo, kwa majuma manne ya kwanza, mama anayechota maji mtoni kwa ndoo anamwagilia mahali padogo kuliko mkeka, badala ya kumwagilia shamba. Anapalilia mahali padogo, anaweka kivuli mahali padogo, na anaweza kuulinda utoto wa mimea yake kwa macho yake mwenyewe. Hii ndiyo faida ya kitalu.

Na hesabu ya pili ni hii: gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu zipatazo 300. Nyumba ya watu sita inatoshelezwa na miche 25 au 30. Basi pakiti ndogo ya gramu moja, ikiota vizuri, yatosha nyumba kadhaa. Hakuna sababu ya kila nyumba kununua pakiti yake na kuiacha nusu iharibike kabatini. Mbegu za vitunguu hasa hazivumilii. Zikipita mwaka mmoja nyingi hufa. Za nyanya, zikikaa mahali pakavu na penye ubaridi, huweza kufika miaka mitatu au minne.

5. Kutengeneza kitalu cha nyumbani

Chagueni mahali ambapo miaka mitatu iliyopita hapakupandwa nyanya wala ndugu zake. Inueni tuta lenye upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na kimo cha sentimeta 15 ili maji ya mvua yasituame. Changanyeni samadi iliyooza kabisa. Zamani tulifundishwa kuchoma takataka juu ya kitalu ili kuua magonjwa. Moto huua kweli, lakini huunguza pia mboji na viumbe vyema vya udongoni. Mwenye karatasi ya nailoni angavu anaweza kuloweka udongo, kuufunika na kuuacha katika jua kali kwa majuma manne hadi sita. Joto lile litafanya kazi bila moto.

Kabla ya kusia, jaribuni mbegu. Hesabuni 20, zifungeni katika kitambaa chenye unyevu, kiwekeni mahali penye joto, na msikiache kikauke. Baada ya siku kumi hesabuni zilizoota. Zikiwa 16 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa kumi, sieni mara mbili ya kiasi. Zikiwa nne au tano, msisumbuke nazo. Mnaponunua, chagueni pakiti iliyofungwa vizuri, yenye tarehe na yenye lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayokagua ubora wa mbegu. Mbegu zinazopimwa kwa kijiko sokoni hazina mashahidi.

Aliye na nyanya za aina ya kawaida, kama vile Tanya au Tengeru 97, ambazo zilitolewa na watafiti wetu wa Tengeru mwaka 1997, anaweza kujiwekea mbegu. Achague tunda lililoiva vizuri kutoka katika mche wenye afya, akamue mbegu pamoja na maji yake katika kikombe, aziache siku mbili au tatu zichachuke, azioshe, na kuzianika kivulini. Lakini mbegu za chotara hazifai kuwekwa, kwa maana watoto wake hawatafanana na mama yao.

Sieni kwa mistari, kina cha sentimeta moja, na si kwa kumwaga ovyo. Miche iliyosongamana hupatwa na kinyausi, ugonjwa unaokata shina usawa wa ardhi, na asubuhi unaikuta imelala. Dawa yake ya kwanza ni nafasi na hewa. Ya pili ni kutomwagilia kupita kiasi. Wekeni kichanja chepesi cha makuti au nyasi juu, kimo cha mita moja hivi, na mkipunguze kidogo kidogo miche inavyokua. Nyanya na kabichi hukaa kitaluni majuma manne hivi. Pilipili hoho na bilinganya tano au sita. Vitunguu sita hadi nane, mpaka shina liwe nene kama penseli.

6. Siku ya kuhamisha

Wengi hulea miche vizuri kwa mwezi mzima kisha huiua kwa siku moja. Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha, punguzeni maji na ondoeni kivuli, ili miche ionje jua na kiu wakati mizizi yake ingali mahali ilipozoea. Mwanzoni italegea kidogo adhuhuri, na mwenye huruma atataka kukimbilia ndoo. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mche uliodekezwa kivulini hadi siku ya mwisho, ukitolewa juani ghafula, hauna pa kujitegemea.

Siku yenyewe, mwagilieni kitalu vizuri asubuhi. Hamisheni jioni au siku ya mawingu. Ng'oeni kwa kijiti au mwiko, pamoja na udongo wake, msivute kwa shina. Chagueni miche mifupi na minene yenye majani manne au matano halisi. Ile mirefu na myembamba, ijapokuwa yavutia macho, imekua kwa kutafuta mwanga. Nyanya inaweza kuzikwa hadi karibu na majani yake ya chini, maana shina lake huota mizizi likifunikwa. Kabichi msizike moyo wake. Mvuta sigara na mtumia ugoro wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche ya nyanya, kwa sababu tumbaku hubeba ugonjwa wa virusi unaoingia katika nyanya. Palipo na sota, wale viwavi wanaokata miche usiku, zungusheni shina kwa kipande cha karatasi ngumu kilichozama kidogo ardhini. Kisha wekeni matandazo, na mwagilieni jioni ile ile.

7. Ukilazimika kununua miche

Hatusemi kwamba kununua miche ni kosa. Wapo wenye vitalu waaminifu, tena huzijua kazi zao kuliko sisi. Mtu aliyeugua wakati wa kusia, au aliyehamia hapa majuzi, hana budi kununua. Lakini afanye haya. Aende kitaluni kwenyewe, asingoje toroli. Aulize ni aina gani, ilisiwa lini, na mahali pale palipandwa nini kabla. Aombe kung'oa mmoja atazame mizizi: ikiwa na vifundo kama shanga, hao ni minyoo fundo, na ukiwaingiza bustanini hawatoki upesi. Ageuze majani aone kama kuna inzi weupe. Atafute michirizi mipana ndani ya jani, ambayo ni dalili ya kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014. Mwishoni, miche ya kununua apande mahali pake peke yake kwanza, mbali na ile ya nyumbani.

Mwuzaji mwaminifu hatakasirika kuulizwa maswali haya. Akikasirika, basi umekwisha kupata jibu.

8. Miche yetu mingine

Ndugu zetu, hatuwezi kufunga somo hili bila kusema jambo lililo mioyoni mwetu. Kila mwaka watoto wetu wanahama. Wakimaliza shule wanakwenda Tanga, Dar es Salaam na Arusha, kutafuta masomo na kazi. Wengine tunawaona Krismasi. Wengine tunasikia tu kwamba hawaendi tena kanisani, na wachache tunaletewa habari ambazo mama hapendi kuzisikia.

Si kila mtu ameitwa kukaa pale alipozaliwa. Zaburi ya 80 yawafananisha Israeli na mzabibu uliotolewa Misri ukapandwa katika nchi nyingine. Basi Mungu mwenyewe huhamisha miche, wala si jambo la kuogopa. Lakini je, sisi tumewazoeza jua? Au tumewafunika kichanja hadi siku ya basi, kisha tukawakabidhi begi na nauli? Kijana ambaye hajawahi kusali bila kuamriwa na mama yake, ambaye hajawahi kushika fedha akaulizwa hesabu yake, huyo ni mche wa kivulini. Tungalimpa majukumu angali nyumbani, ambapo akilegea kidogo tupo karibu.

Tena mche ukifika shambani wahitaji maji jioni ile ile, si baada ya juma. Miongoni mwetu wapo waliohamia hapa kutoka kwingine: walimu, wauguzi, vibarua wa mkonge. Je, nani aliwafuata nyumbani jioni ya kwanza? Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, na mwenye kukuza ni Mungu. Sisi mara nyingi tunamwachia Mungu hata ile kazi ya ndoo.

Tulilokusudia mwaka huu

Halmashauri imekubali tuwe na kitalu kimoja cha mtaa, upande wa mashariki wa nyumba ya kasisi, ambako hapajawahi kupandwa nyanya. Jumapili ya tano baada ya Pasaka kila nyumba ilete mbegu ilizo nazo, nasi tutaziombea pamoja katika ibada. Mbegu za kunde, bamia, karoti na maboga zitarudi nyumbani na wenyewe, zikapandwe zitakapokaa. Mbegu za nyanya, kabichi na vitunguu zitabaki, baada ya kujaribiwa katika kitambaa. Kila nyumba ilete debe moja la samadi iliyooza na kushika zamu ya kumwagilia, na baada ya majuma manne itapata miche 25 ya nyanya. Nyumba za wale bibi wenye wajukuu kumi na mmoja zitapewa bila zamu, na vijana wa kwaya wamejitolea kuwahamishia miche hiyo bustanini mwao. Deni la sare tunalikumbuka.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika bustani yako, ni mboga gani umekuwa ukihamisha ilhali ingefaa kupandwa pale pale? Na ipi umekuwa ukimwaga ilhali ingefaa kitalu?
2. Someni Isaya 28:23–29. Mkulima alifundishwa na nani, na sisi twajifunza kwa nani leo?
3. Katika jumuiya yenu, ni kijana gani anayetazamia kuhama mwaka huu? Mtamzoezaje?
4. Ni nani aliyehamia kwenu ambaye bado hajamwagiliwa?

Sala

Ee Mungu, uliyempa mkulima akili ya kujua kila mbegu na mahali pake, utufundishe nasi kazi ya mikono yetu. Utupe mvua kwa kiasi, utuepushe na magonjwa ya mashamba, na utusamehe haraka yetu. Uwalinde watoto wetu walio mbali, uwatie mizizi huko waliko, na utufanye sisi kuwa wepesi wa kuwapokea wageni wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.